Koki ya choo cha ukutani: siku ya kuvuja utaifunga wapi?

Msomaji mmoja anauliza: "Tunakarabati bafu, na tumenunua choo cha kuning'inia ukutani, kile ambacho tangi lake linafichwa ndani ya ukuta. Fremu imeshasimamishwa, mabomba yameshavutwa, na fundi wa vigae anaanza wiki ijayo. Fundi bomba anasema koki ya kuzimia maji imo ndani ya tangi, kwa hiyo hakuna haja ya nyingine. Mke wangu anataka ukuta wote ufunikwe kwa bamba moja kubwa la kigae, bila kidirisha chochote cha kufikia mabomba. Mimi nina wasiwasi. Siku maji yakivuja nitayafunga wapi bila kubomoa?"

Ndugu msomaji, fundi wako hajakudanganya. Koki imo ndani ya tangi kweli. Ila amekujibu kuhusu maji yanayopita baada ya koki, na wewe umeuliza pia kuhusu yale ambayo bado hayajaifikia.

Tuanze na hiyo iliyopo, maana wengi wanaomiliki vyoo hivi hawajawahi kuiona. Matangi ya kufichwa ukutani si kitu kipya. Geberit ya Uswisi ilitoa la kwake la kwanza mwaka 1964, na mpangilio wa mengi ya leo unafanana. Bomba la maji linaingia kwa juu au kwa nyuma, linakutana na koki ndogo ya kona iliyokaa ndani ya tangi lenyewe, na baada ya hiyo koki ndipo inapofuata koki ya boya inayojaza maji. Ili uifikie unaondoa bamba la vitufe, lile unalobonyeza kuvuta maji. Kwa kawaida unalisukuma juu au pembeni kisha unalivuta kuelekea kwako. Mengine yana skrubu ndogo chini. Nyuma ya bamba kuna vijiti viwili vinavyosukuma valvu ya kuachia maji bakulini, na nyuma ya vijiti kuna kinga ya plastiki. Ukivitoa hivyo unachungulia moja kwa moja ndani ya tangi, na upande wa juu utaona kishikio cha koki. Tochi na mkono mwembamba vinatosha. Baadhi hazina kishikio, zina mfuo tu wa bisibisi, basi bisibisi hiyo iwe inajulikana ilipo.

Kwa hiyo tundu la bamba la vitufe ndilo mlango wa matengenezo yote ya choo hiki. Mpira wa valvu ukichakaa, boya likikwama, chokaa ikiziba koki ya kujazia, kila kitu kinatolewa na kurudishwa kupitia hapo, ndani ya nafasi isiyozidi sana bahasha kubwa. Kwa kazi hizo zote koki ya ndani inatosha kabisa, na hapo fundi wako ana haki.

Tena kuna jambo zuri ambalo watu hawaambiwi. Kwa sababu koki hiyo imekaa ndani ya tangi, ikivuja yenyewe, au kiungo kinachofuata kikivuja, maji yanadondokea ndani ya tangi. Tangi likijaa kupita kiasi, maji yanamwagika kwenye bomba la ziada na kushuka kwenye bakuli la choo. Utasikia choo kinanong'ona usiku na bili ya maji itapanda, lakini ukuta hautalowa. Anayeogopa choo cha ukutani kwa sababu ya mambo yaliyo ndani ya tangi anaogopa mahali pasipo na hatari.

Hatari iko kabla ya hapo. Hesabu viungo vilivyo kwenye bomba tangu linapoingia katika ukuta huo hadi linapogusa tangi. Pale linapojishikiza kwenye tangi kuna kiungo cha nyuzi, yaani cha kuzungushwa kama skrubu. Kama limepinda kushuka, kuna kona. Kama limegawanywa ili liende pia kwenye beseni au bafu, kuna kiungo cha njia tatu. Vyote hivyo vina presha saa 24, usiku na mchana, na koki ya ndani ya tangi haina mamlaka juu ya hata kimoja. Unaweza kuifunga mpaka vidole viume, maji yakaendelea kutoka.

Nimeyaona hayo kwa macho. Niliitwa kwenye nyumba moja ambapo mwenye nyumba alikuwa ameshatoa bamba, ameingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na ameifunga koki ya tangi sawasawa. Maji yalikuwa yanatoka chini ya ukuta kwenye ukumbi. Kona iliyokuwa kama shibiri moja juu ya tangi ilikuwa imepasuka nyuzi. Tukakimbilia koki kuu ya nyumba: ilikuwa ya zamani, ya kuzungusha mara nyingi, na haijaguswa kwa miaka. Ilizunguka, ikazunguka, na haikufunga kitu, maana sahani ya ndani ilikuwa imeachana na shina lake. Mwishowe tulifunga kwenye tanki la juu ya paa, gizani, kwa ngazi ya kuazima. Bomba la nusu inchi lililofunguka wazi linamwaga kwa urahisi lita 10 kwa dakika au zaidi, yaani lita 600 kwa saa. Piga hesabu ya muda wa kutafuta ngazi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba weka koki ya pili. Iwe kabla bomba halijaingia kwenye ukuta wa choo, iwe mahali pakavu panapofikika bila kutoa chochote kilichobandikwa, na kutoka hapo hadi kwenye tangi pawe na bomba moja lisilo na kiungo katikati. Sharti la mwisho ndilo watu wanalolisahau. Koki nzuri iliyofuatwa na viungo vitatu vilivyozikwa itakusaidia kuzima maji, lakini haitakuepusha na kubomoa kigae ili ukarabati. Bomba lisilo na kiungo halina pa kuvujia, isipokuwa mtu aje alitoboe kwa drili akitundika kioo.

Wapi hasa? Ningekuwa mimi, ningeanza kutazama chini ya beseni la kunawia. Katika bafu nyingi beseni liko kwenye ukuta uleule wa choo, au unaopakana nao, na chini yake tayari kuna koki mbili zinazoonekana na pengine kabati la kuzificha. Ukigawanya maji hapo, ukaweka koki ya choo kando ya zile za beseni, kisha ukavuta bomba moja hadi kwenye tangi, umemaliza. Hakuna kidirisha, hakuna kigae cha kukata, mke wako anapata ukuta wake mzima. Ukifungua kabati unaona koki tatu, na ile ya choo unaitia alama ya rangi. Sijui kwa nini mpango huu haufanywi kila mahali. Nadhani ni kwa sababu fundi anapovuta mabomba hufuata njia fupi zaidi, na njia fupi zaidi hupita ndani ya ukuta.

Kama nyumba yako imevutwa kwa mtindo wa sanduku la kugawia maji, ambapo kila kifaa kina bomba lake la plastiki linalokunjika linalotoka kwenye sanduku moja, basi huenda huna la kufanya. Koki ya choo iko kwenye sanduku na bomba halina kiungo njiani. Hakikisha tu sanduku haliko nyuma ya kabati zito la nguo, na kwamba kila tawi limeandikwa jina kwa maandishi yatakayosomeka baada ya miaka kumi. Maandishi ya kalamu ya rangi hufifia. Karatasi iliyofunikwa kwa plastiki hudumu zaidi.

Njia ya tatu ni kutumia upande wa pili wa ukuta. Nyuma ya choo kuna nini? Stoo? Kabati la ndani ya ukuta? Korido? Kidirisha cha ukaguzi upande ule hakimsumbui mtu anayetaka bafu lenye sura safi, na hakipigwi na maji ya kuoga. Njia hii naipenda kwa nyumba za ghorofa, ambako koki kuu ya familia mara nyingi iko kwenye shimo la mabomba la pamoja, limefungwa kwa ufunguo ambao msimamizi wa jengo anao, na msimamizi yuko msibani.

Ukikosa yote matatu, ndipo unarudi kwenye kidirisha ndani ya bafu, kando ya fremu au juu yake. Kinaweza kufanywa kwa kigae kilekile kilichobandikwa kwenye mlango mdogo wa sumaku au wa kubonyeza, mistari ya viungo vya vigae ikafuatana, na mgeni asijue kama kipo. Kwa ukubwa mimi hushikilia sentimita 30 kwa 30. Kidirisha cha 20 kwa 20 kinaruhusu mkono kufunga koki lakini hakiruhusu spana kugeuka, na siku moja hiyo koki yenyewe itahitaji kubadilishwa. Koki isikae ndani zaidi ya sentimita 15 kutoka usoni mwa ukuta. Pima kwa vitendo: ingiza mkono ukiwa umeshika spana, igeuze robo mzunguko. Ikigonga ukuta, panua.

Mahali ambapo sitaki koki iwe ni nyuma ya bakuli la choo. Nimekuta imewekwa hapo zaidi ya mara moja, kwa hoja kwamba bakuli litaificha. Kweli linaificha. Ila kulitoa bakuli kunahitaji watu wawili, kukata silikoni na kufungua nati za zile boliti mbili, na unapolivuta maji machafu yaliyobaki ndani yanakumwagikia miguuni. Hutafanya hivyo saa nane usiku huku sakafu inaelea. Juu ya dari nako nakuacha, kwa sababu ileile ya ngazi.

Kuhusu aina ya koki sitakaa sana. Chagua ya robo mzunguko, yenye tufe lenye tundu ndani: kishikio kikiwa sambamba na bomba maji yanapita, kikikatiza bomba yamefungwa, na hata mtoto anaweza kuambiwa kwa simu aifunge. Jihadhari na jina unapoiagiza, maana ukisema "bol valvu" wapo watakaokupa koki ya boya ya tanki. Eleza kazi yake au onyesha picha. Ile ya kuzungusha mara nyingi, geti valvu, iache. Ikikaa wazi miaka bila kuguswa huota chokaa na kutu, na siku unayoihitaji inakwama au inafunga nusu. Ndani ya kabati au kidirisha chembamba chukua yenye kishikio kifupi cha mabawa mawili kama kipepeo; kile kirefu kinahitaji nafasi ya kuzunguka. Na upande mmoja wa koki pawe na yunioni, kiungo kinachofunguka kwa spana, ili itolewe bila kukata bomba.

Sasa bamba kubwa la kigae, ambalo nadhani ndilo lililokuletea mjadala nyumbani. Halina ubaya. Tundu la bamba la vitufe litakatwa humo hata hivyo, pamoja na matundu ya boliti mbili, ambazo kwa kawaida zinaachana sentimita 18, na ya mabomba mawili, la maji yanayoingia bakulini na la taka. Matatizo ninayoyaona yanatokana na unene. Fremu inakuja na kisanduku cha kinga kinachotokeza nje ya ukuta, pamoja na boliti na vijiti vya kusukumia vinavyoweza kurefushwa, lakini kila seti ina unene wa mwisho wa ukuta inaoukubali. Jumlisha mbao za jipsamu, ambazo mara nyingi huwa tabaka mbili, gundi, na kigae chenyewe, kisha ulinganishe na karatasi ya maelekezo ya fremu yako leo hii. Ukizidisha, vijiti havitafika kwenye valvu, na tundu litakuwa handaki refu ambalo mkono wako hautapinda ndani yake kuifikia koki.

Mwambie pia fundi wa vigae asikate kile kisanduku cha kinga mapema. Kinakatwa usawa wa kigae baada ya kigae kukauka, si kabla, kwa sababu kazi yake ni kuzuia gundi na vumbi visiingie kwenye tangi. Nimewahi kuchota saruji iliyoganda ndani ya tangi jipya kwa kijiko cha chai. Na tundu libaki na ukubwa wake wote: mafundi wengine hupunguza kingo kidogo ili bamba lionekane limekaa vizuri, na milimita chache hizo zinatosha kuzuia koki ya boya isitoke. Bamba lenyewe lisibandikwe kwa silikoni, hata likicheza kidogo.

Angalia vilevile kilicho juu na pembeni ya bamba. Fremu nyingi za kawaida zina urefu wa sentimita 112, na katikati ya bamba huwa karibu mita moja kutoka sakafuni. Hapo ndipo watu wanapopenda kuweka rafu ya mbao inayotokeza, au kabati jembamba. Bamba linalotolewa kwa kusukumwa juu halitatoka kama rafu imelikalia kichwani. Fremu fupi, zile za sentimita 82 zinazokaa chini ya dirisha, nyingine hubonyezwa na kufunguliwa kwa juu, na hapo rafu au jiwe la juu lazima liwe linainuka. Likigandishwa kwa gundi umeufunga mlango pekee wa choo chako.

Kuna kitu hukukiuliza lakini nakishuku: bomba la mkono la kujisafishia, lile lenye kinyunyizio pembeni ya choo, au kiti kinachotoa maji chenyewe. Kama kipo kwenye mpango, maji yake yanatoka wapi? Mara nyingi mafundi huyatoa kwenye bomba la tangi, ndani ya ukuta, kwa kiungo cha njia tatu. Tazama tena nilichosema juu ya viungo vilivyo kabla ya koki ya tangi. Hicho ni kimoja wapo, na umejiongezea mwenyewe. Kitolewe chini ya beseni kama choo, kiwe na koki yake inayoonekana. Mpira wa kinyunyizio haukutengenezwa kukaa na presha siku zote, na ni rahisi kuufungia maji unaposafiri kuliko kurudi ukakuta umepasuka.

Choo chako kina tangi, kwa hiyo vile visivyo na tangi, vya majengo ya umma, ambavyo valvu yake inavuta maji moja kwa moja kutoka bombani, nitavitaja kwa sentensi moja tu: vina koki yao ya bisibisi kando ya valvu, vinadai bomba nene zaidi, mara nyingi la inchi moja, na kama valvu imefichwa ukutani kidirisha si hiari.

Basi una siku chache kabla ya vigae. Muulize fundi bomba swali moja: bomba hili la choo limegawanywa wapi, na kati ya hapo na tangi kuna viungo vingapi? Kama liligawanywa chini ya beseni, kuongeza koki ni kazi ya saa moja. Kama liligawanywa ndani ya ukuta, ukuta bado uko wazi. Kuvuta bomba jipya sasa ni usumbufu mdogo ukilinganisha na bei ya bamba lile la kigae.

Kisha mfanye aondoe uchafu. Kabla bomba halijashikizwa kwenye tangi, maji yaachwe yatoke kwa nguvu kwenye ndoo, kwa sababu vumbi la kukata plastiki na vipande vya tepu ya nyuzi huenda moja kwa moja kuziba kichujio cha koki ya boya. Baada ya hapo afunge koki ya ndani ya tangi na apime bomba kwa pampu ya presha, mara moja na nusu ya presha ya kawaida ya nyumba, mshale wa geji usishuke kwa saa kadhaa. Koki ya tangi inafungwa ili koki ya boya isibebe presha hiyo. Kama maji yako yanatoka tanki la juu, usidhani presha yako ndogo inakuruhusu kuruka kipimo hiki: kila mita 10 za urefu ni takriban bar 1 ya presha, na kiungo kibovu huvuja hata kwa nusu ya hiyo, polepole, ndani ya jipsamu, miezi sita kabla hujaona doa.

Piga picha ukuta ukiwa wazi, futi ya kupimia ikiwa imelazwa juu ya mabomba ili namba zisomeke, na karatasi ya maelekezo ya tangi iingie kwenye picha ya mwisho, kwa ajili ya namba ya modeli. Na bakuli likifungwa, silikoni ipite juu na pembeni tu; upande wa chini uachwe wazi. Kiungo cha bakuli kikivuja, maji yatoke hapo uyaone, yasibaki nyuma ya kigae.

Siku ya mwisho kabla ukuta haujafungwa, fanya jaribio hili mwenyewe, fundi akiwa amesimama pembeni bila kugusa kitu. Koki ya tangi iwe wazi. Funga koki mpya ya chini ya beseni. Vuta maji ya tangi, ndoo ikiwa imekingwa kwenye bomba la bakuli, usubiri dakika tano, kisha ingiza tochi kwenye tundu. Maji yaliyobaki tangini yakiwa hayapandi, koki ni ile yenyewe na inafunga. Yakiwa yanapanda, hata kidogo kidogo, ama umefunga ya beseni, ama koki mpya ni mbovu, na fundi wa vigae asubiri siku nyingine.